Sumaku ya Ishirini na Nne

Siku ya mnada Karatu hakuna kinachotulia. Hata mbuzi aliyefungwa huzunguka kigingi chake mpaka kamba inamwishia. Germana alikuwa ameshazunguka uwanja mara mbili, gauni lake la kitenge cha njano limeshika vumbi jekundu hadi magotini, bisibisi imechomekwa kwenye kilemba mahali ambapo wasichana wenzake huchomeka ua. Ndipo akaiona spika.

Ilikuwa spika kubwa ya disko, imepasuka uso wote, imetupwa kwenye turubai la muuza vyuma chakavu. Nyuma yake ilibeba sumaku nene kama chapati nne zilizopangwa. Germana akaishika upande mmoja. Mkono mwingine ukaishika upande wa pili.

"Dada, hii nimeiona kwanza."

"Wewe umeiona. Mimi nimeishika."

Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu, shuka jekundu la mistari ya buluu juu ya koti la mvua, viatu vya matairi miguuni, na shingoni kifaa cha daktari cha kusikilizia mapigo. Alikuwa na macho ya mtu anayetaka kucheka lakini hana muda.

"Unafungua disko?" Germana akamuuliza.

"Nakwenda kumlisha ng'ombe."

"Spika?"

"Sumaku yake. Ng'ombe amemeza msumari. Anasimama kama mzee mwenye mgongo, viwiko nje, hacheui. Sumaku ikishuka tumboni inaunasa msumari na kuushikilia hapo hapo usitembee kwenda kwenye moyo. Atakaa nayo maisha yake yote. Chuoni tulifundishwa."

Germana alicheka mpaka muuza vyuma akageuka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu akili yake ilikuwa imeshaanza kupima.

"Hii ikipita kooni atakufa kabla huo msumari haujamgusa. Lete mkono." Akachakura kwenye pochi, akatoa sumaku nyembamba, fupi kuliko kidole, aliyoing'oa kwenye mota ya baiskeli ya umeme iliyomfia mtalii. "Hii ni ndogo lakini ina nguvu kuliko hilo dude. Isugue kona kwanza zisimkate."

Kijana aliisogeza karibu na sime yake kiunoni. Ikamruka mkononi, ikajibandika kwenye chuma kwa kishindo kidogo.

"Nikulipe nini?"

"Niachie spika."

"Naitwa Supeet. Bwana mifugo, Endulen. Na wewe unafanya kazi gani inayohitaji kugombania spika mbovu?"

"Germana. Nasuka mota zilizoungua."

"Nilidhani wasichana wanasuka nywele."

"Nywele nasukwa na mwenzangu. Mota nasuka mwenyewe."

Germana akampa namba yake. Aliiandika kwa kalamu ya wino kwenye kiganja cha Supeet, maana simu yake ilikuwa imeisha chaji, na usiku huo huo Supeet akampigia.

*

Supeet alikuwa akipata mtandao mahali pamoja tu, juu ya kilima. Kwa hiyo mapenzi yao yalikuwa ya upepo mwingi.

"Mrembo, nimefika juu. Nina mtandao na nyati mmoja. Nimsikilize nani kwanza?"

"Nyati. Mimi siui."

"Una uhakika?"

"Ng'ombe vipi?"

"Amepona. Anakula kama bibi harusi aliyerudi kwao. Sasa nieleze tena ile mashine yako. Jana ulinieleza, nikasema nimeelewa, nilidanganya."

Germana alikaa juu ya meza ya kazi, miguu ikining'inia, haikutulia. Kila alipoanza kueleza mashine yake, mkono usioshika simu ulianza kuchora hewani.

"Chukua sahani mbili za chuma zinazotazamana. Kila sahani ina sumaku kuzunguka ukingo, zimepishana: moja imetazamisha ncha ya kaskazini, jirani yake kusini. Katikati ya sahani kuna koili za waya wa shaba, zimekaa kimya, hazizunguki. Upepo unazungusha sahani. Sumaku zinapita pembeni ya shaba, zinapita, zinapita, na shaba inaanza kutoa umeme. Bila kuguswa na kitu."

"Bila kuguswa?"

"Hata kidogo. Kuna nafasi ya hewa, unene wa shilingi."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Kama mimi na wewe," Supeet akasema.

Germana alishuka mezani. Akazunguka chumba. Akarudi kukaa. 

Mashine hiyo haikuwa mchezo. Tangu atoke chuoni Arusha na diploma yake ya umeme, kazi yake ilikuwa kufufua mota za watu: pampu za maji, mashine za kusaga, feni za hoteli za watalii. Baba yake, Mzee Lazaro, mkulima wa mahindi na maharage ya ngwara katika kijiji cha Kansay, alimwambia mbele ya familia yote: "Nakupa mwaka mmoja. Tengeneza kitu chako, kiitwe chako. La sivyo rudi ushike shamba." Mwaka huo ulikuwa unaisha Julai.

Supeet ndiye aliyemleta Mama Naisenya, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa maziwa Endulen, mwanamke mfupi wa shanga nyingi na maneno machache. Maziwa yao ya jioni yalikuwa yanaharibika kabla gari la asubuhi halijafika. Walitaka friji, na friji ilitaka umeme. Jenereta ya petroli walishaijua: inakula kuliko watoto. Endulen iko ndani ya hifadhi ya wanyama, na huko huwezi kusimamisha chochote unachotaka, lakini palikuwa na mlingoti wa zamani wa antena ya redio nyuma ya kibanda cha maziwa, na kikundi kilipata kibali cha kuutumia kwa majaribio. Siku moja. Alhamisi ya mwisho ya Juni, asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Friji ikiwaka, wangeomba kibali cha kudumu na kuagiza mashine nyingine mbili. Isipowaka, mlingoti ungeng'olewa.

"Binti," Mama Naisenya alimwambia Germana, "sisi hatujui sumaku. Tunajua ahadi."

*

Sumaku zilisafiri wiki tisa kutoka ng'ambo. Ishirini na nne, kila moja ndefu kama kidole cha kati, zinang'aa kama samaki, zimetenganishwa kwa vipande vya mbao kwa sababu mbili zikikutana hovyo zinaweza kumponda mtu kidole. Kumi na mbili kwa kila sahani, koili tisa katikati. Germana alizipanga kwenye ubao, akaweka alama ya chaki kwenye ncha ya kila moja, akaenda kwa fundi wa kuchomea kukatiwa sahani. Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya majaribio.

Aliporudi mchana, Selestina, fundi cherehani aliyegawana naye baraza, hakuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiipinda.

"Dokta wako alikuja. Nimemfungulia. Alikuwa anahema kama amefukuzwa na tembo. Chai nimempa, hakuinywa."

"Alisema nini?"

"Kwamba atakupigia."

Germana aliingia ndani akitabasamu. Akatazama ubao. Akahesabu. Akahesabu tena kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ishirini na tatu.

Simu yake ilikuwa na miito miwili iliyopotea. Kwa mashine ya kukatia chuma hakuna anayesikia simu. Akapiga. Namba haipatikani. Akapiga akiwa amesimama, akapiga akitembea, akapiga akiwa kwenye foleni ya maji. Siku tatu namba haikupatikana. Wakati huo wote kichwa chake kilizunguka kuliko mota yoyote aliyowahi kuisuka. Sumaku moja ikikosekana, sahani inachechemea, koili zinapishana vibaya, mashine nzima inatetemeka mpaka ifungue nati zake. Kuagiza nyingine ni wiki tisa. Na Supeet alijua haya yote. Alimweleza mwenyewe, kilima kizima kikisikia.

Siku ya nne simu ikaita.

"Germana wangu..."

"Sumaku yangu iko wapi?"

"Tumboni."

"Tumboni mwa nani?"

"Ng'ombe wa mama. Yule wa madoa. Alimeza waya, Germana, alikuwa amelala chini, nilishasikia moyo wake unapiga kwa mbali. Ndiye wa maziwa pekee aliyebakia baada ya ukame. Ya kwanza uliyonipa ilikuwa imeshatumika. Nilikupigia mara mbili. Nikaondoka mbio, na kwenye kilima mvua imenizuia, sikupanda mpaka leo. Lakini amesimama! Anacheua!"

"Ulichukua bila kuniuliza."

"Hukuwepo."

"Ndiyo maana ya kuuliza, Supeet. Kama mwenye kitu hayupo, unasubiri."

"Ng'ombe hasubiri." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Sikiliza. Kwetu kuna neno, osotua. Ni kitovu. Ni mtu uliyeunganishwa naye kwa shida. Yeye akihitaji kweli anapata kwako, wewe ukihitaji kweli unapata kwake, na hamwekeani hesabu. Siku ile mnadani ulinipa bila kutaka chochote. Nilijua wewe ni mtu wangu wa namna hiyo. Nilijua ungenipa."

"Ningekupa!" Alipiga kelele hadi cherehani ya Selestina ikanyamaza. "Ningekupa na nisingelala, ningetafuta njia nyingine siku hiyo hiyo! Umeninyima kutoa, na umeninyima siku nne! Unaijua Alhamisi ni nini kwangu? Ninyi ng'ombe wenu amesimama. Mimi nani atanisimamisha?"

"Mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Usipande kilima kwa ajili yangu. Msalimie nyati."

Akakata.

*

Jumapili, wakati mji mzima uko kanisani, Germana alikuwa amepiga magoti sakafuni na chaki. Alikuwa amelia Ijumaa, Jumamosi akatukana, sasa alikuwa anahesabu.

Sumaku kumi na mbili kwa koili tisa. Mbona lazima iwe hivyo? Uwiano ni nne kwa tatu. Nane kwa sita ni nne kwa tatu vilevile. Sumaku nane kila sahani, kumi na sita jumla, koili sita katikati. Mashine ndogo. Umeme utapungua, basi kila koili ipewe mizunguko zaidi ya shaba. Na izunguke haraka zaidi, basi mapanga ya mbao yapunguzwe urefu. Alifuta, akaandika, akafuta. Gauni la Jumapili aliloshonewa na Selestina liligeuka jeupe kwa chaki. Saa nane mchana aliinuka, magoti yakauma, akagundua kwamba mashine iliyolala sakafuni haikuwa tena ya kwenye kitabu cha chuo wala ya video za simu. Ilikuwa yake. Hakumshukuru mtu.

Alisuka koili sita kwa siku mbili, akazimwagia gundi ngumu, akazifunga. Kwa kuwa sahani alizokatisha upya zilikuwa ndogo na nyepesi, hakuhitaji tena kitovu cha gurudumu la gari cha kuzibeba; alichukua cha pikipiki mbovu iliyolala nyuma ya gereji. Hapa ndipo alipokosea. Kitu cha zamani unakifungua, unatazama beringi zake, unazisikiliza. Alijua hivyo tangu mwaka wa kwanza. Lakini hasira ilikuwa inamsukuma mgongoni, akakifunga kama kilivyo.

Jumatano alipanda fuso la mahindi. Kwenye ukingo wa kreta ukungu ulikuwa mzito, dereva akiendesha huku kichwa chake kiko nje ya dirisha. Germana alikaa amekumbatia sanduku la mashine kama mtu anayempeleka mtoto hospitali. Alivaa suruali ya jinzi, sweta jekundu la kaka yake na hereni za shanga alizopewa na Supeet. Alizivua kwenye geti la hifadhi. Akazivaa tena kwenye kona ya kushukia Endulen. Akazivua.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi akina mama walikuwa wamekaa kwenye majani, vibuyu na madumu ya maziwa pembeni yao. Upepo ulikuwa unapiga shuka kama bendera. Germana alifunga mapanga, akayasukuma kwa mkono kabla ya kuipandisha mashine mlingotini.

Ikasaga. Krr, krr, krr. Akasukuma tena. Ikasaga, ikakwama.

Aliifungua mwenyewe. Beringi zote mbili zilikuwa zimekufa, gololi zimetoboka kutu, na barabara ya kreta ilikuwa imemaliza kazi. Duka la beringi la karibu lilikuwa Karatu. Kibali kilikuwa kinaishia jioni.

"Imekuwaje?" akauliza Mama Naisenya.

"Nimefanya uzembe, mama. Sikuangalia." Aliyasema hayo moja kwa moja, maana hayakuwa na njia nyingine ya kusemwa.

Kisha akaiona. Chini ya mgunga, mita thelathini kutoka hapo, pikipiki ya Kichina, yenye kitovu cha aina ile ile kama alichokuwa nacho mkononi, kikapu cha dawa za mifugo kimefungwa nyuma.

"Ya nani ile?"

"Unajua ya nani," akasema Mama Naisenya. "Mwenyewe yuko bonde la nyuma ya kilima kile anachanja ndama. Huko pikipiki haifiki. Atarudi jua likielekea kulala."

"Simu?"

"Bondeni? Binti, simu huko ni kioo cha kujitazamia."

Germana alisimama na spana mkononi. Upepo ulimpiga mgongoni. Angeweza kumtuma mtu bondeni kumwomba: mwendo wa saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Aliliwaza hilo kikamilifu, hakulikwepa. Aliwaza pia kwamba bwana mifugo bila pikipiki ni miguu miwili na wilaya nzima mbele yake. Akatembea hadi chini ya mgunga.

"Umemwomba?" Mama Naisenya akamfuata.

"Bado."

"Hata osotua huombwa. Nilimwambia yeye maneno haya haya, kwa ukali, mbele ya mama yake. Alitazama chini kama layoni, mvulana ambaye hajatahiriwa."

"Umefanya vizuri, mama. Nisaidie kushika hapa."

 Mwenyekiti akajifunga shuka vizuri kiunoni, akashika.

Waliiweka pikipiki juu ya mawe, wakang'oa gurudumu la mbele. Germana alizigonga beringi kwa kipande cha nondo, taratibu, zikatoka mbili, safi, zenye grisi. Alizisikiliza sikioni. Kimya. Akazipachika kwenye mashine yake, na akina mama sita wakavuta kamba kuipandisha juu ya mlingoti, wakiimba wimbo wa kumtoa ng'ombe kwenye tope.

Mapanga yakasita. Yakageuka polepole, kama mtu anayekumbuka jambo. Upepo mmoja mzito ukashuka kutoka milimani, na mara hayakuonekana tena kuwa matatu. Yalikuwa duara moja jeupe. Chini, betri ikaanza kujaa. Saa saba friji ikanguruma. Saa tisa Mama Naisenya akaingiza mkono ndani, akautoa, akauweka shavuni kwa mwenzake. Yule mama akapiga yowe. Kisha wote wakataka kuwekewa mkono shavuni.

"Tutaomba kibali cha kudumu," Mama Naisenya akasema. "Na zile mbili anza. Andika jina lako kwenye hiyo mashine, mvua isilifute."

Germana akachukua msumari akakwaruza kwenye sahani ya akiba, maana mashine ilikuwa juu, GERMANA LAZARO, herufi kubwa. Ndipo akakaa chini kwenye majani, akapumzika kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile sumaku ilipopotea.

*

Supeet alishuka kilima saa kumi na moja, kiatu kimoja mkononi, shuka limejaa mbigiri. Alitazama juu, mapanga yanazunguka. Uso wake ukafunguka wote. Kisha akatazama chini ya mgunga. Pikipiki ilikuwa imepiga magoti juu ya mawe, haina gurudumu la mbele.

Akina mama wakasogea kwa furaha, wakisubiri.

"Germana."

"Supeet."

"Inazunguka."

"Inazunguka."

Supeet alikaa mbali kidogo naye, kwa adabu. "Nilikosa," akasema, akitazama majani. "Siyo kwa sababu ya Mama Naisenya kunisema. Tangu ulipokata simu nilipanda kilima kila siku, nikakaa na simu mkononi, nikaona sina haki ya kuipiga. Nilikuchukulia kitu kama vile nimeshakuoa na nimeshakuzoea. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Ilimtoka haraka kuliko alivyopanga. "Nilikukumbuka hata nilipokuwa nakutukana. Ilikuwa inanichosha."

Supeet alicheka, meno meupe, vumbi kwenye kope. "Mama yangu anasema nije Kansay Jumapili ijayo na wazee wawili, tuongee na mzee wako. Nilitaka kukuuliza kwanza. Safari hii nauliza. Nije?"

"Njoo."

"Unakubali?"

"Nimesema njoo. Unataka nikuchoree?"

Akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akamwaga maziwa. Supeet akasogea karibu, mpaka pakabaki pale pale pa unene wa shilingi, akainamisha kichwa kuelekea mgunga.

"Sasa na mimi je? Kesho nina ndama arobaini Kakesio. Nitakwenda na nini? Ulichukua bila kuuliza, mrembo, kosa lile lile ulilonikatia simu. Mimi nimeomba msamaha mbele ya mama zangu wote. Na wewe sema neno moja tu, tuwe sawa."

Germana alimfuta vumbi kwenye kope kwa ncha ya sweta. Alimtazama vizuri, kwa upendo wote aliokuwa nao, na ulikuwa mwingi.

"Beringi hizi nikizigonga tena zitakufa; nitakuletea mpya Jumanne. Pole kwa miguu yako, na pole kwa Kakesio, ni mbali. Lakini msamaha siombi. Nilijua ni kosa, nikalifanya mchana, watu wakinitazama, na ningerudishwa saa tatu asubuhi ningekwenda pale pale na spana ile ile. Siombi, Supeet. Siombi leo, siombi mbele ya baba, na siku ya harusi usinisubirie, kwa sababu siombi."